“Mpira Uko Kwenu”: Nahau ya Tenisi katika Kiswahili cha Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maana na asili ya nahau ya Kiingereza “the ball is in your court”, pamoja na mabadiliko yaliyoipata ilipoingia katika Kiswahili kwa sura ya “mpira uko kwenu”. Hoja kuu ni kwamba nahau hiyo haikutafsiriwa tu, bali ilihamishwa kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Katika tenisi, mpira ulio upande wako ni deni linalodai jibu papo hapo. Katika soka, mpira ulio kwako ni miliki, nawe waweza kukaa nao. Kwa kuzingatia mazingira ya lugha ya Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika, makala yanaonyesha kwamba sarufi ya mahali ya Kiswahili, pamoja na jamii ya nahau za mpira zilizokuwapo tayari, zimeipa nahau hii maana ambayo msemaji wake huenda hakuikusudia. Inapendekezwa kwamba kamusi na wafasiri waitambue tofauti hiyo, kwa kuwa linalobebwa na nahau hii si pambo la usemi, bali ni swali la nani anawajibika.

1. Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili anayemaliza hotuba kwa kusema “sasa mpira uko kwenu” huwa ametumia maneno ya kawaida na sarufi isiyo na kasoro. Hakuna neno geni katika tungo hiyo, na msikilizaji haombi ufafanuzi. Kwa sababu hiyo nahau hii haijashughulisha sana mjadala wa ukopaji, ambao kwa kawaida huelekezwa kwenye maneno yanayojulisha ugeni wao kwa sauti, kama golikipa, penalti na refa. Tafsiri sisisi ya nahau hujificha vizuri zaidi kuliko neno la mkopo. Huvaa mavazi ya nyumbani, ikapita mlangoni bila kuulizwa.

Mitazamo miwili hujitokeza pale nahau za namna hii zinapojadiliwa. Wa kwanza huziona kuwa ni kasoro za wafasiri wavivu, zinazopaswa kuondolewa katika Kiswahili fasaha. Wa pili huziona kuwa ni mali halali ya lugha tangu siku zilipoeleweka na wasemaji. Mitazamo yote miwili ina dhana moja iliyofichika: kwamba maana ya nahau ilifika salama, na kilichobaki ni kuamua kama itapewa uraia. Makala haya yanaitilia shaka dhana hiyo. Katika nadharia ya sitiari ya Lakoff na Johnson (1980), sitiari huhamisha mpangilio wa mambo kutoka kikoa chanzo hadi kikoa lengwa. Iwapo kikoa chanzo kitabadilishwa, mpangilio unaohamishwa hubadilika pia, hata kama maneno yanaonekana kuwa ni yale yale.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika umechaguliwa kuwa mahali pa uchunguzi kwa sababu za kilugha. Ujiji ni miongoni mwa miji ya bara ambako Kiswahili kina mizizi ya kale. Burton na Speke walipofika hapo Februari 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuwatangulia. Kigoma, iliyofikiwa na Reli ya Kati mwaka 1914, ilikuwa chini ya Wajerumani, kisha Wabelgiji kuanzia 1916, kisha Waingereza. Kiswahili cha hapa huishi pamoja na Kiha, na husikilizana kila siku na Kirundi, Kibembe na Kiswahili cha Kongo. Hivyo nahau ya Ulaya ikifika katika mwambao huu, hukuta wasikilizaji wenye zaidi ya kipimo kimoja cha kuipimia. Tungo za mfano zilizomo katika makala zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi, kwa kufuata matumizi ya kawaida.

2. Asili: ua, wavu na mdundo mmoja

Neno la Kiingereza linalotaja uwanja wa tenisi lilitoka katika Kifaransa cha kale, na mzizi wake katika Kilatini ulimaanisha ua uliozungushiwa. Kutokana na maana hiyo zilichipuka nyingine: ua wa nyumba kubwa, baraza la mfalme, mahakama, na mahali palipofungwa kwa ajili ya mchezo. Tenisi ya zamani ilichezwa ndani ya kuta. Tenisi ya nyasi ilikuja baadaye sana. Meja Walter Wingfield wa Uingereza aliisajili hataza ya mchezo wake mwaka 1874, na mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalifanyika mwaka 1877.

Kwamba mpira wa tenisi ulionekana kuwa ni dai linalotaka jibu ni jambo la kale zaidi. Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Mfalme Henry wa Tano, mwana wa mfalme wa Ufaransa anampelekea mfalme wa Uingereza mipira ya tenisi ili kumdhihaki kwa ujana wake. Mfalme anaipokea dhihaka hiyo kama mchezaji anayepokea pigo la kwanza: jibu lake ni vita. Nahau inayochunguzwa hapa haikutokana na tamthilia hiyo, kwani ilienea katika karne ya 20 pamoja na tenisi ya kisasa. Hata hivyo, tukio hilo linaonyesha jinsi mchezo huu ulivyofaa kusimamia mazungumzo ya watu wawili wanaokabiliana.

Maana ya nahau inategemea kanuni za mchezo wenyewe. Uwanja wa mchezaji mmoja kwa mmoja una urefu wa meta 23.77 na upana wa meta 8.23, umegawanywa kwa wavu, na mistari yake haina utata. Mpira ukishavuka wavu, mwenye upande huo ana wajibu wa kuurudisha kabla haujadunda mara ya pili. Haruhusiwi kuushika, kuuficha wala kumpa mwenzake wa akiba. Akisita, amepoteza pointi.

Kutokana na kanuni hizo nahau hubeba vijenzi vinne. Cha kwanza ni zamu: mimi nimekwisha kucheza, sasa ni wewe. Cha pili ni ulazima: kutocheza si chaguo, ni kushindwa. Cha tatu ni muda, ambao ni mfupi mno. Cha nne ni usawa: pande ni mbili, zinatenganishwa na wavu mmoja, na zinafungwa na sheria moja. Kwa kumwambia mwenzake kwamba mpira uko upande wake, msemaji wa Kiingereza anadai yote manne kwa pamoja. Zaidi ya hayo, anajivua lawama, kwa kuwa pigo lake limekwisha kuvuka.

Kiingereza chenyewe kina nahau nyingine, ya zamani zaidi, inayosema kwamba mtu ana mpira miguuni mwake. Hiyo ilitoka katika mpira wa miguu, na maana yake ni fursa: mwenye mpira yuko huru kufanya alitakalo. Kwa hiyo Kiingereza kimehifadhi mipira miwili katika akiba yake ya nahau, mmoja wa wajibu na mwingine wa fursa, na michezo miwili huizuia isichanganyike. Jambo hili ni muhimu kwa yatakayofuata, kwa sababu katika Kiswahili mipira hiyo miwili imekuwa mmoja.

3. Kutoka tenisi hadi soka

Katika Kiswahili mpira ni kwanza utomvu na mti unaoutoa, kisha ni kitu cha duara kilichofanyizwa kwa utomvu huo, kisha ni mchezo. Michezo mingine hutofautishwa kwa kuongezewa maneno, kama vile mpira wa kikapu, wa pete au wa wavu. Lakini mtu akisema tu kwamba anakwenda kutazama mpira, hakuna atakayedhani ni tenisi. Kirundi nacho kina umupira, na ng’ambo ya ziwa husemwa mupira. Katika lugha hizi za jirani mpira usio na kivumishi ni wa miguu.

Historia ya jamii imeunga mkono historia ya neno. Katika miji ya kikoloni ya Afrika Mashariki tenisi ilibaki mchezo wa vilabu vya maofisa. Mpira wa miguu ulipitia shuleni, misheni, jeshini na katika vikosi vya wafanyakazi wa reli na bandari, kisha ukakaa mitaani. Kigoma ni mkoa unaojivunia soka. Tarehe 25 Julai 2021 Uwanja wa Lake Tanganyika ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho, ambamo Simba iliifunga Yanga bao 1-0, na mwaka 2023 Mashujaa FC ya Kigoma ilipanda Ligi Kuu. Msikilizaji wa hapa anayeambiwa kwamba mpira uko kwake haoni mstari wa chaki na wavu uliotandazwa katikati. Anaona nyasi, wachezaji 22 na magoli mawili.

Katika picha hiyo mpya, karibu kila kijenzi cha nahau kinageuka. Zamu inatoweka, kwa sababu katika soka mpira haupokezanwi kwa zamu. Hunyang’anywa. Ulazima unatoweka pia. Timu yenye mpira yaweza kuurudisha nyuma, kuutembeza pembeni, au kuulinda kwenye kibendera cha kona hadi filimbi ya mwisho, na watazamaji wake wakaisifu kwa ukomavu. Ama muda, sheria za soka zimelazimika kuuwekea ulinzi. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kushika mpira aliorudishiwa kwa makusudi kwa mguu na mchezaji mwenzake, na mwaka 2025 iliamuliwa kwamba kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wapewe kona. Kile ambacho tenisi hukipata kwa mdundo wa mpira, soka hukitafuta kwa adhabu, na bado hakipatikani kikamilifu.

Usawa nao unageuka. Mpira ukiwa katika nusu yenu ya uwanja, maana yake yaweza kuwa mbili zinazopingana: kwamba mnamiliki mchezo, au kwamba mmeshambuliwa na goli lenu liko hatarini. Hata wavu hubadilika tabia. Katika tenisi wavu hutenganisha, na mpira ukiugusa usipite ni kosa. Katika soka wavu hupokea, ndiyo maana watangazaji husema mshambuliaji ametikisa nyavu. Kwa mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga wavu ni kitu cha tatu, nacho hukamata. Hakuna hata mmoja kati ya nyavu hizo mbili za mwisho unaoweza kumfundisha mtu kwamba kuna mpaka wa haki kati ya pande mbili zilizo sawa.

Kinachobaki baada ya mabadiliko hayo ni miliki. “Mpira uko kwenu” inasikika kama “nyinyi ndio wenye mpira”, na usemi huo una historia yake katika utoto wa Kiswahili. Watoto wanaocheza chandimu kwa mpira wa makaratasi wanajua kwamba siku mmoja wao akija na mpira wa dukani, sheria zote huwa mikononi mwake. Yeye hupanga timu, hupigwa faulo zisizokuwapo, na akikasirika huubeba mpira wake na mchezo ukawa umekwisha. Mwenye mpira hadaiwi. Hubembelezwa. Umbali kati ya mtu huyu na mchezaji wa tenisi anayekimbilia mpira kabla haujadunda mara ya pili ndio umbali ambao nahau hii imesafiri.

4. Kwenu ni wapi?

Sarufi imeongeza mchango wake. Kiingereza hutumia kihusishi cha ndani: mpira umo katika eneo lenye mipaka. Kiswahili kina uwezo wa kusema jambo hilo kwa usahihi, kwa kuwa viambishi vya mahali -po, -ko na -mo hutofautisha mahali mahususi, mahali pasipo mahususi na ndani. Tafsiri yenye kufuata asili ingekuwa “mpira umo uwanjani mwenu”. Usemi uliozoeleka umechagua -ko, yaani mahali pasipobainishwa. Mistari ya uwanja, ambayo ndiyo iliyoipa nahau ukali wake, imefutwa na silabi moja. Mpira uko huko kwenu, lakini wapi hasa, na mbele ya nani, havikusemwa.

Neno “kwenu” nalo si la kiwanja. Ni umbo la mahali lenye kimilikishi, na matumizi yake makuu zaidi ni kutaja nyumbani. Mgeni akiulizwa “kwenu wapi?”, haulizwi alipo, anaulizwa anakotoka. Tena huulizwa kwa wingi hata akiwa peke yake, kwa sababu nyumbani ni pa ukoo wala si pa mtu mmoja. Hivyo “mpira uko kwenu” inaruhusu usomaji wa wazi kabisa: mpira uko nyumbani kwenu.

Usomaji huo unairudisha nahau, kwa njia isiyotarajiwa, kwenye ua wa asili yake. Nyumba za mtindo wa Kiswahili zilizojengwa Ujiji huwa na ukumbi katikati na ua kwa nyuma, na uani ni mahali pa faragha ambapo mgeni haingii bila ruhusa. Mtoto yeyote aliyecheza mpira katika mitaa iliyosongamana anajua maana ya mpira kuangukia uani kwa watu. Mchezo husimama. Mmoja hutumwa kubisha hodi na kusihi kwa adabu, “shikamoo mama, tunaomba mpira wetu”, na mwenye ua anaweza kuutoa, kuukalia hadi jioni, au kuukata kwa kisu kwa sababu umevunja chungu. Hapo ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapofikia kinyume cha maana. Kwa Mwingereza, mpira ulio katika ua wako unakulazimisha wewe ucheze. Kwa mtoto wa Ujiji, mpira ulio uani kwako unanilazimisha mimi nikuombe.

Upande wa magharibi na kaskazini wa ziwa, nahau hiyo hiyo ilifika kwa Kifaransa: “la balle est dans votre camp”. Kifaransa hakikutumia uwanja wala ua, bali kambi kwa maana ya upande. Mtu anayejaribu kuipitisha sura hiyo katika Kiswahili cha Kigoma hukutana na kikwazo kingine. Katika mkoa huu kambi ni ya wavuvi, au ni ya wakimbizi kama Nyarugusu iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996. “Mpira uko kambini kwenu” ingeeleweka hapa kuwa taarifa ya mahali, na kwa wengine ingeonekana kuwa kebehi. Sura mbili za Ulaya za nahau moja zinakutana katika maji haya, na hakuna inayotua bila kubadilika.

5. Jamii ya nahau za mpira

Nahau haiingii katika chumba kitupu. Kiswahili kilikuwa tayari kimechota misemo mingi kutoka uwanjani, na inafaa kuitazama kama jamii moja. Baadhi yake ilijengwa kwa vitenzi vya zamani. Kuotea, kwa mfano, kulimaanisha kuvizia kabla ya kuwa kosa la mshambuliaji aliyetangulia mbele ya mabeki, na jina hilo limebeba hukumu ya kimaadili ambayo istilahi ya Kiingereza, inayotaja upande tu, haina. Kupigwa chenga ni kudanganywa kwa ustadi. Mpira hudunda, husemwa pale matokeo yasipotabirika. Kutoka Kombe la Dunia la 1986, ambapo Maradona aliifunga Uingereza kwa mkono tarehe 22 Juni, lilipatikana goli la mkono, ambalo katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa 2015 lilikuwa tayari ni msemo wa kisiasa usiohitaji maelezo.

Misemo miwili inagusa moja kwa moja uwanja wa maana wa nahau inayojadiliwa. Wa kwanza ni kutupiana mpira. Husemwa kuhusu ofisi mbili ambazo kila moja humwelekeza mwananchi kwa nyingine. Kisarufi, kiambishi cha kutendana -an- huwashika wahusika wote wawili: hakuna aliyemaliza sehemu yake, kila mmoja ni mtupaji. Lakini kitendo kinachoelezwa, mpira kwenda na kurudi kati ya pande mbili, ndicho kiini cha tenisi. Kile ambacho Kiingereza hukiona kuwa ni mwenendo halali wa mchezo, Kiswahili kimekwisha kukipa jina la hila.

Wa pili ni kupiga danadana. Uwanjani ni ufundi wa kuuchezea mpira hewani kwa miguu bila kuuacha uanguke. Nje ya uwanja ni kuahirisha jambo kwa kulichezea. Malipo yamepigwa danadana, yaani yameahidiwa leo, kesho na keshokutwa. Ukipima kwa kanuni za tenisi, danadana ni kosa lisilowezekana, kwa kuwa mpira hauruhusiwi kukaa kwako. Ukipima kwa kanuni za soka, ni haki ya mwenye mpira. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili anapoambiwa kwamba mpira uko upande fulani, lugha yake inamkumbusha mara moja nini upande huo unaweza kuufanyia.

Tofauti ya msingi kati ya nahau ya Kiingereza na jamii hii ni nafasi ya msemaji. Nahau ya Kiingereza husemwa na mchezaji aliyekwisha kupiga. Kutupiana mpira na kupiga danadana husemwa na mtazamaji, yaani yule anayengoja jukwaani, ambaye shauri lake ndilo linalorushwa. Kiingereza kinatoa hati ya kumaliza wajibu. Kiswahili kinatoa ushahidi wa aliyecheleweshwa. Msemaji anayetumia “mpira uko kwenu” katika Kiswahili anazungumza kama mchezaji mbele ya hadhira ambayo lugha imeizoeza kuhukumu kama watazamaji.

6. Ziwa lenye pande nne

Uzito wa jambo hili unaonekana pale nahau inapotumiwa kugawa wajibu halisi. Ziwa Tanganyika linamilikiwa na nchi 4: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Tarehe 12 Juni 2003 nchi hizo zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa jijini Dar es Salaam, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana nao ina makao yake Bujumbura. Mwaka 2024, ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Ichukuliwe tungo ya mfano: “Serikali imefanya sehemu yake, sasa mpira uko kwenu wavuvi.” Kwa kipimo cha tenisi, tungo hii ni ya heshima. Inamtambua mvuvi kuwa mchezaji aliye sawa na mwenzake, mwenye zamu yake na sheria inayomlinda. Kwa kipimo cha soka la Kiswahili, tungo ina nyufa tatu. Kwanza, inamwambia mvuvi kwamba anamiliki mpira, ilhali yeye anajua kwamba tarehe za kufunga na kufungua ziwa hazitoki kwake. Pili, inakaribisha jibu lililomo tayari katika lugha, kwamba wakubwa wanatupiana mpira na sasa wameurushia ufukweni. Tatu, inadhani kwamba pande ni mbili. Dagaa na migebuka hawana wavu katikati. Samaki aliyeachwa akue upande wa Kigoma anaweza kuvuliwa upande mwingine, na mvuvi anayeambiwa ni zamu yake ana haki ya kuuliza zamu ya wale watatu ni ipi.

Hapa kasoro si ya Kiswahili peke yake. Hata katika Kiingereza nahau hii hulazimisha kila mgogoro uwe wa watu wawili, na hugeuza ushirikiano kuwa mapambano ambamo mwenzako akishindwa kurudisha, wewe umepata pointi. Lakini Kiswahili, kwa kuivunja picha ya tenisi, kinaifichua kasoro hiyo mapema zaidi. Mwandishi wa riwaya au tamthilia anaweza kunufaika nayo. Mhusika kiongozi akisema “mpira uko kwenu” na mhusika mvuvi akajibu “basi mbona hatuuoni?”, mwandishi amepata katika mistari miwili mgogoro wa madaraka, bila kuueleza. Mfasiri wa waraka wa sera hana anasa hiyo. Kwake utata ni hasara.

7. Mbadala zilizomo katika lugha

Ikiwa lengo ni kuitafsiri nahau ya Kiingereza kwa maana yake ya asili, Kiswahili hakina upungufu. Kijenzi cha zamu hubebwa na neno zamu lenyewe: “sasa ni zamu yenu kujibu”. Kijenzi cha mamlaka ya kuamua hubebwa na “uamuzi ni wenu”. Kijenzi cha wajibu hubebwa na “kazi kwenu”, usemi mfupi wenye nguvu kuliko mpira wowote, kwa sababu unaitaja kazi kwa jina lake. Pale msemaji anapojitoa kabisa na kumwachia mwenzake matokeo, kuna “shauri lenu”, ambalo lina ukali wa onyo na halipaswi kutumiwa kwa wageni au wakubwa bila uangalifu.

Iwapo mfasiri anataka kubaki na picha ya mchezo, mchezo wenye zamu za kweli upo, nao ni bao. Wachezaji wawili huketi pande mbili za ubao mmoja. Mmoja huendelea kusambaza kete hadi kete yake ya mwisho iangukie shimo tupu, ndipo husemwa amelala, na mwenzake huanza. Zamu haitolewi kwa hisani wala haipatikani kwa kunyang’anya. Huja kwa kanuni ambayo watazamaji wote waliokaa kibarazani wanaweza kuihakiki kwa macho. Bao lina zamu, lina usawa na lina mashahidi. Linapungukiwa na haraka tu, kwani mchezaji wa bao anaruhusiwa kufikiri, na upungufu huo huenda ukawa sifa katika mambo yanayohitaji mashauriano.

Hata hivyo, pendekezo la kuifuta “mpira uko kwenu” halina msingi. Usemi umekwisha kuota mizizi, na una kazi ambayo mbadala zilizotajwa hazifanyi: unawaweka wasikilizaji katika hali ya kumiliki jambo, na kwa kufanya hivyo unawapa nafasi ya kudai uthibitisho wa miliki hiyo. Hiyo ni kazi ya maana katika mazungumzo ya umma, hata kama siyo ile ambayo nahau ya Kiingereza iliajiriwa kuifanya.

8. Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha kwamba nahau ya tenisi haikufika katika mwambao wa Ziwa Tanganyika na mchezo wake. Ilipokelewa na neno mpira, ambalo humaanisha soka. Na kiambishi -ko, ambacho hakichori mistari. Na neno kwenu, ambalo humaanisha nyumbani. Na misemo ya kutupiana na danadana, ambayo huhukumu kwa jicho la anayengoja. Matokeo yake ni nahau ya Kiswahili yenye umbo la kukopa na maana ya nyumbani. Wanaoikataa kwa kuwa ni ya kigeni na wanaoikubali kwa kuwa inaeleweka wote wanapitwa na jambo hilo.

Kwa watunga kamusi, inapendekezwa kwamba kidahizo “mpira uko kwako/kwenu” kipewe maana mbili zilizotenganishwa kwa nambari: 1. ni zamu yako kutenda au kujibu, 2. jambo liko mikononi mwako, unaweza kulitenda au kulikalia. Kwa wafasiri, kanuni inayotokana na tofauti hiyo ni nyepesi: pale ambapo matini chanzi inadai jibu, itumike zamu au kazi, na mpira uachwe kwa matini ambazo hazidhuriki mwenye mpira akiamua kukaa nao.